Stoo ya Sentimita Sita

Kitanda kilikuwa kimebanwa kwenye kibano, miguu juu kama mende aliyekufa, na Fundi Meno alikuwa anatia tone la gundi kwenye mguu wa tatu, mlango wa maabara ulipofunguliwa bila hodi. Hakuinua kichwa. Gundi ile humpa mtu hesabu ya sita, basi. Ukigeuka kumtazama mgeni, mguu unakauka umepinda na kitanda kinakuwa cha mlevi.

"Shemeji! Bado tunacheza?"

Alikuwa mume wa dada yake. Watu walimwita Mwenyekiti, na hawakumsingizia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi shuleni, mwenyekiti wa chama cha wenye maduka, na mwenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa ambao bomba lake lilikauka mwezi aliochaguliwa. Watu watatu wakisimama kivulini kukwepa jua, yeye anafungua kikao. Akisema "kwa ufupi", wanaomjua hutafuta mahali pa kukaa.

Fundi Meno alihesabu mpaka sita, akalegeza kibano. "Karibu, shemeji."

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Madaktari walimletea alama za taya za watu, yeye akamimina jasi, akapata taya jeupe gumu, na juu yake akaunda ufizi wa nta kwanza, kisha wa plastiki. Hakuna aliyemfundisha. Alianza kwa kufagia maabara hiyohiyo, akawa anatazama huku anafagia, mpaka siku moja fundi mkuu aliugua, na aliporudi akakuta kazi imemaliziwa. Saa za kazi zikiisha alibaki kwenye meza ya kona, na hapo alifanya mambo yake mawili. La kwanza lilikuwa daftari: kila siku mchoro mmoja wa wino, ukubwa wa kiganja, na tarehe chini yake. Kikombe, kisigino cha mtu kwenye foleni, paka wa jirani. La pili lilikuwa vyumba vidogo alivyounda kwa mabaki ya kazi, sentimita mbili kwa kila mita ya kweli. Ile plastiki ya waridi ya ufizi, ukiipiga msasa, hutoa vigae vizuri sana vya paa.

Mwenyekiti aliviita vyumba hivyo nyumba za panya. Kwa miaka kumi na minne, kila familia ilipokutana, alikuwa na mzaha mmoja tu, na aliuvaa kama mtu mwenye koti moja: "Shemeji, panya wamelipa kodi mwezi huu?" Kisha alicheka mwenyewe, maana wengine walikuwa wameshachoka kumsaidia.

Sasa, ghafla, nyumba za panya zilikuwa zimepandishwa cheo na kuwa kipaji cha familia. Sababu haikuwa ngumu kuiona. Mama mzazi wa Fundi Meno, ambaye Mwenyekiti na mkewe waliishi naye nyumbani kwake, alikuwa amefariki miezi mitatu iliyopita, na neno lake la mwisho mbele ya watu lilikuwa kwamba nyumba akae aliyemtunza. Jumamosi hiyo ukoo ungekutana kuamua ni nani huyo. Mjomba mkubwa, ambaye neno lake ndilo lingefunga mazungumzo, hakuwa amefika kwenye nyumba hiyo kwa miaka sita, na macho yake yalikuwa hayasomi tena karatasi. Lakini kitu cha kushika, Mwenyekiti alisema, kitu cha kupapasa, Mjomba angekielewa. Basi Fundi Meno atengeneze nyumba, iwekwe mezani, Mjomba aone mwenyewe jinsi Mama alivyoishi.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Ee bwana!" Mwenyekiti aliinama juu ya nyumba iliyokuwa bado haijafunikwa paa. "Ndiyo yenyewe! Mpaka ufa wa dirisha la jikoni. Sasa kitanda hicho cha Mama unakiweka hapa." Kidole chake, kinene kuliko korido, kilipita juu ya kuta kikatua chumba cha mbele.

"Hapo kuna meza yako, shemeji."

"Meza gani?"

"Meza yako ya vikao. Na viti sita, na kabati la mafaili. Nimeshavimaliza." Fundi Meno alifungua kikopo akamwonyesha. "Hata muhuri wako umo, ule pale pembeni. Ila usipige chafya."

Mwenyekiti alitazama muhuri wake, mdogo kuliko punje ya mtama, na kwa nukta moja alionekana kufurahi. Kisha akakumbuka kilichomleta.

"Shemeji, kwa ufupi. Hapa hatupimi kiwanja. Hii ni kumbukumbu."

"Ya nani?"

"Ya Mama! Mama alikuwa na chumba cha mbele. Huko nyuma alihamia kwa muda tu, kwa sababu ya hewa."

"Miezi minne."

"Muda ni muda."

"Na stoo haina dirisha, shemeji. Ina tundu lenye wavu."

"Hewa inahitaji dirisha? Hewa inapita popote." Mwenyekiti alianza kutoka jasho. Alichukua daftari lililokuwa mezani akajipepea nalo. "Tena hiyo stoo iondoe kabisa. Inaharibu sura ya nyumba. Imejitokeza kama kipele."

Fundi Meno alilifuata daftari kwa macho, likienda na kurudi mbele ya uso ule. Ndani yake mlikuwa na michoro mia moja na kumi na tisa ya stoo, kila mmoja na tarehe yake. Mwenyekiti hakuwa amewahi kulifungua daftari hilo katika maisha yake, na hakulifungua leo. Lilikuwa linamletea upepo, na upepo ulimtosha.

"Shemeji, nikuambie jambo la kazi yangu," Fundi Meno alisema kwa ile sauti yake ya chini, ambayo ilimlazimu mtu anyamaze ili aisikie. "Kuna watu wana nundu kwenye ufizi. Ukimimina jasi, nundu inatokea, inachukiza. Fundi mgeni anaipiga tupa ili taya lipendeze. Basi meno yanatoka mazuri, mezani yanacheka. Mwenye meno akiyavaa siku mbili, anarudi ameshika shavu. Kwa nini? Kwenye jasi nundu imeondoka. Mdomoni ipo palepale."

"Mimi nazungumza nyumba, wewe unaniletea ufizi!"

"Ndiyo ninaoujua."

Fundi Meno hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alimpa shemeji yake miaka kumi na minne ya kujitetea, na shemeji aliitumia yote kuhutubia. Mtu wa namna hii, aliwaza, hata uongo wake anautuma mtu mwingine autengeneze, tena kwa vipimo, tena bure.

Mwenyekiti alilitupa daftari mezani. "Nitamtuma dada yako. Wewe huwa unamsikia yeye." Akatoka, na mlangoni akageuka. "Na Jumamosi uvae shati la mikono mirefu. Wataona gundi."

Dada alifika saa kumi na moja, bado amevaa sare ya kiwanda cha mablanketi alikofanya kazi zamu ya mchana. Hakukaa. Alikuwa amemzidi miaka saba, na ingawa Fundi Meno alikuwa na mvi, bado alikuwa mtoto kwake.

"We mtoto, umemfanya nini mume wangu? Amerudi anaongea na ukuta."

"Ukuta umepewa nafasi ya kujibu?"

"Usinichekeshe." Lakini kona ya mdomo ilicheza kidogo. Aliinama akaitazama nyumba kwa muda mrefu, akagusa mlango wa jikoni kwa ukucha, ukafunguka. "Kitanda bado hujakiweka."

"Bado."

"Anasema unataka kukiweka stoo."

"Ndiko kilikokuwa. Nimechora kila siku." Akamsogezea daftari. Alikuwa na utulivu wa mtu aliyeshika risiti.

Dada alilifungua. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Mama amelala ubavu, nyuma yake makopo ya rangi. Baiskeli isiyo na gurudumu, imeegemea kitanda. Mkono wa Mama juu ya blanketi. Mlango wa stoo uliofunguka nusu kwa sababu kitanda kiliuzuia. Fundi Meno alingoja alie, au apige kelele, au aombe kurasa zichanwe. Alikuwa ametayarisha jibu kwa kila moja.

"Mimi nipo wapi?" Dada aliuliza.

"Vipi?"

"Nakuuliza, mimi nipo wapi? Mama nani alimwogesha?"

"Wewe."

"Shuka nani alibadilisha?"

"Wewe, dada."

"Saa kumi na mbili kila asubuhi, kabla hata chai sijaionja. Basi nionyeshe ukurasa wangu." Alipiga daftari kwa kiganja. "Hapa fimbo ya Mama. Ukurasa mzima wa fimbo! Mpaka msumari ilipotundikwa umeuchora. Msumari una sura, mimi sina."

"Nilikuwa nakuja mchana, wakati wa mapumziko. Ulikuwa kiwandani."

"Ulikaa dakika ngapi?"

"Kumi. Siku nyingine robo saa."

"Robo saa, mikono miwili na kalamu moja." Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kile kitanda ni cha mbao nzito. Kukirudisha chumba cha mbele kulitaka watu wawili. Mimi nilikuwa mmoja. Nilikuwa nakungoja, unajua? Miezi minne. Useme tu, dada shika upande huu, mimi nishike huu. Tungekipitisha juu ya ile meza yake na muhuri wake na kila kitu. Hukusema. Ulikaa kwenye kigoda ukachora."

"Na wewe hukusema."

"Sikusema. Mimi nalala na kile kikao, mdogo wangu. Wewe ulikuwa unarudi kwako." Alilifunga daftari, akaliweka mezani kwa adabu ambayo ilikuwa tusi. "Nyani haoni kundule. Unamcheka mume wangu kwa sababu anaongea hafanyi. Wewe unafanya nini? Unanyamaza hufanyi."

Fundi Meno alilivuta daftari upande wake.

"Jumamosi utaleta ipi?" Dada aliuliza akiwa mlangoni. "Ukileta ya mume wangu, nitakuwa mwongo mbele ya Mjomba, lakini nitakuwa na paa. Ukileta ya daftari lako, sisi tutakuwa wabaya na wewe utakuwa malaika. Fikiri. Una siku moja."

Alipoondoka, Fundi Meno alifungua ule ukurasa wa fimbo. Ulikuwa mchoro mzuri. Kivuli cha msumari kilikuwa kimekaa sawasawa ukutani, na alikumbuka alivyofurahi siku ile, alivyorudi kazini akipiga mluzi. Mama alikuwa anakohoa nyuma ya mgongo wake, na yeye alikuwa anapiga mluzi kwa ajili ya kivuli cha msumari. Alifunua kurasa nyingine akiziangalia kama anavyoangalia kazi ya fundi mvivu iliyorudishwa na mgonjwa. Mistari safi. Mkono hautetemeki. Mtu aliyechora hivi, aliwaza, hakuwa na haraka yoyote ya kumtoa mtu mahali.

Akavuta taa karibu.

Kitanda alikiweka stoo. Stoo ilikuwa na upana wa sentimita nne na urefu wa sita, na kitanda kilipoingia, mlango ulifunguka nusu tu, kama ilivyokuwa. Meza na viti sita aliviingiza chumba cha mbele. Mwenyekiti mwenyewe angemtengeneza baadaye. Mwili wake ulikuwa kazi nyepesi, lakini kufinyanga mdomo usiofungwa kunataka mchana mzima na mwanga mzuri.

Kisha akachukua nta akajitengeneza mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Dakika ishirini zilimtosha. Yule wa nta alitoka ameketi kwenye kigoda mlangoni pa stoo, kichwa kimeinama, mabega yameanguka kwa huzuni, mwana mwema aliyelemewa. Alimtazama mwana mwema huyo, akambonyeza kwa kidole gumba mpaka akawa chapati ya nta.

Akaanza upya. Safari hii miguu imekunjwa mmoja juu ya mwingine, daftari la milimita tatu juu ya goti, mgongo umeegemea fremu ya mlango. Ndivyo alivyokuwa anakaa. Vizuri tu, kama mtu anayengoja kinyozi.

Wa mwisho alikuwa dada. Beseni alilipata kwa kukata kifuniko cha chupa ya dawa. Mwili aliuinamisha juu ya kitanda, kitambaa cha kichwa, magoti, haya yalikwenda vizuri. Mikono ndiyo ilimshinda. Fundi Meno aliyajua kwa kichwa mataya ya nusu ya mtaa, lakini hakujua dada yake alishika kitambaa cha kuogeshea kwa mkono upi, wala kama alimgeuza Mama kwa kumvuta au kwa kumsukuma. Hakuwahi kuwepo. Alifunua daftari lote kutoka mwanzo, kwa utaratibu, ukurasa kwa ukurasa, na mikono hiyo haikuwemo.

Angeweza kukisia. Mjomba asingejua, na Mwenyekiti ndiyo kabisa. Alishika nta kidogo kati ya vidole, ikaanza kulainika, akairudisha kwenye kopo.

Alimwandikia dada ujumbe kwenye simu: *Kesho nitakuja saa kumi na mbili asubuhi. Nionyeshe ulivyokuwa unamwogesha. Jumamosi naleta nyumba yenye stoo, na mimi nimo.*

Jibu lilichelewa. Alikuwa ameshafuta meza na kuvua aproni simu ilipotetemeka.

*Uje umekula. Sina muda wa kukupikia.*

Alifunika nyumba kwa beseni kubwa la kukorogea jasi ili vumbi lisiingie. Ndani yake dada alibaki ameinama juu ya kitanda, mikono imeishia kwenye viwiko, na beseni la maji limekaa sakafuni mbele yake.