Harusi ya Rukaiya na Wageni wa Vitabuni

Bi Tabu, somo wa bibi harusi, alikuwa akimsugua Rukaiya mgongo kwa liwa na manjano pale mwanamke wa kwanza alipotoka chini ya kitanda. Huko ndiko Rukaiya alikoficha riwaya zake za chuo. Mgeni alikuwa amelowa chapachapa, kwani kitabuni mwake alijitosa mtoni baada ya kuozwa kwa mtu asiyemtaka. Bi Tabu akamrushia taulo.

"Karibu, mwanangu. Jikaushe, mkeka huo wa kuazima."

Akafuata mwenye theluji mabegani, aliyefukuzwa kwao na ujauzito wake. Joto lote la Kipawa halikuiyeyusha theluji ile, basi mashangazi wakawa wanamshikisha chupa za maji zipate ubaridi. Mwingine, aliyekufa kwa kikohozi akimngoja mchumba dirishani, alipewa chai ya tangawizi. Jua lilipozama chumba kilijaa magauni marefu, hapakuwa na pa kukanyaga. Bi Tabu alipoelezwa kwamba hao wote ni marehemu, alisema tu kuwa madera ya sare yamebaki, wavae.

Rukaiya alifurahi kupita kiasi, maana alikuwa na jambo zito na sasa amepata wa kumwelewa. Hakutaka kuolewa na Khalfani. Si kwamba Khalfani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Madale na hakuwa na mkono wa birika. Ila alishatamka mbele ya wazee kwamba mkewe hatasoma, na Rukaiya alibakiza mwaka mmoja tu awe mwalimu wa fasihi. Baba yake, Mzee Nassibu, alishakubali.

"Sisi hakuna aliyetuuliza," alisema yule aliyelowa, kwa Kiswahili kilichonyooka mno, kile cha wafasiri. "Je, ninyi mnaulizwa?"

"Sie tunaulizwa," Rukaiya akajibu. "Shekhe anakuja mlangoni na mashahidi, anauliza kama nimeridhia."

Kuulizwa! Chumba kizima kikataharuki. Wakashikana mikono, wakarukaruka, na wiki nzima wakamfanyisha mazoezi ya kutamka neno moja bila kutetemeka. Hata yule wa kikohozi alisahau kukohoa.

Ijumaa baada ya alasiri shekhe alisimama nje ya pazia.

"Rukaiya binti Nassibu, umeridhia baba yako akuozeshe kwa Khalfani bin Suhaib?"

Sauti haikumtupa.

"Sitaki."

Alilisema vizuri, likasikika chumbani kote. Katika vitabu vyao vyote hakuna aliyewahi kufika kwenye neno hilo, na wale wanawake hawakuweza kujizuia. Kabla halijavuka pazia walikumbatiana, wakalia, wakacheka na kupiga vigelegele kwa nguvu zao zote, kama walivyofunzwa na mashangazi.

"Alhamdulillahi," shekhe akasema nje. "Ameridhia."

Mashahidi wakaitikia kwa vichwa. Vigelegele vya chumba cha bibi harusi havijawahi kuwa na maana nyingine Kipawa. Rukaiya alipaza sauti, "Nimesema sitaki!" lakini wanawake wa uani walishapokea kwa vigelegele vyao, majirani nao wakapokea, na ngoma ikaanza. Alipolisukuma pazia na kutoka, baba yake na Khalfani walikuwa wameshikana mikono mbele ya shekhe, na ndoa ilikuwa imekwisha kufungwa.

"Baba, mie nilisema sitaki."

Mzee Nassibu alimtazama kwa mapenzi ya kweli. "Mwanangu, vigelegele nimevisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nenda kapambwe, mumeo anasubiri."

Rukaiya akarudi ndani. Wanawake wa vitabuni walikuwa wamekaa mkekani, hakuna aliyethubutu kumtazama. Baadaye, bila kuambizana, wakasogeleana kidogo na kumwachia nafasi ya kukaa katikati yao.