Kufuli la Fedha la Tarrabeg

Jumamosi asubuhi Merle Trezise alijaza chai kwenye chupa yake ya kutunza joto, akafunga mikate yenye nyama baridi na bitiruti, akakagua betri ya mashine yake ya kutafuta vyuma, kisha akatoka. Alikuwa mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mwenyekiti wa chama cha watafutaji cha Tarrabeg. Uenyekiti huo aliupata kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kuosha vikombe.

Tarrabeg, mji mdogo mbali na Melbourne, ilichimbwa dhahabu enzi za mababu, ikachimbwa mpaka ikachoka. Siku hizi ukipita na mashine kwenye malisho utapata misumari, vifungo, vizibo vya bia na mara chache sana chembe ya dhahabu ndogo kuliko punje ya mchele. Wanachama hawana kinyongo na hilo. Huvaa hedifoni, hutembea polepole wakisukuma sahani ya mashine kushoto na kulia, na wakisikia mlio hupiga magoti. Mtu anaweza kushinda hivyo kutwa nzima asiseme neno, na jioni akarudi nyumbani ameridhika kabisa.

Sharti lao ni moja: kila shimo hufukiwa kabla jua halijazama. Wageni hudhani ni kwa ajili ya kondoo, wasije wakavunjika miguu. Kondoo wamo, lakini jambo lenyewe ni kwamba shimo likikutwa na magharibi likiwa wazi, mwenye kitu kilichotolewa hupanda kuja kukitafuta. Dougie Pascoe, fundi bomba mstaafu, aliwahi kusahau shimo moja nyuma ya kanisa. Akaja mama mmoja wa zamani, sketi imejaa udongo, akaomba subana yake ya kushonea. Dougie akampa. Mama akashukuru, akarudi chini, na Dougie akafukia. Watu walimcheka kwa uzembe wake, na mpaka leo hawajaacha.

Kisha wakaja watu wa televisheni. Kipindi chao kiliitwa Chimba Utajirike, na waliosema ni cha maisha halisi ni wao wenyewe. Humo mtu akitoa kitu ardhini hupiga yowe, huruka, hukumbatia mwenzake, na bei ya kitu hicho hutokea kwenye kioo kwa tarakimu za njano. Chama chote kilikuwa kikikitazama nyumbani kwa Merle kila Alhamisi, kwa ajili ya kucheka tu. Dougie alisema kama angepiga yowe kwa kila kifungo, koo lingekuwa limekauka kabla ya chai ya saa nne.

Lakini walikubali kushiriki, na Merle ndiye aliyewashawishi. Kulikuwa na malisho ya akina Hannaford, upande wa pili wa mto mkavu, ambayo hakuna mwanachama aliyewahi kuyakanyaga. Baba yake Rex Hannaford alikataa, na Rex naye akakataa. Katikati yake kulikuwa na kibonde cha mviringo ambacho majani yake hubaki kijani hata wakati wa ukame. Merle alikuwa amekitazama kibonde hicho kupitia seng'enge maisha yake yote ya kufundisha. Rex alikuwa mpenzi mkubwa wa kipindi, na watu wa televisheni walipomwomba, alifungua lango siku hiyohiyo. Basi Merle akasaini karatasi zao, na mawazo yake yote yalikuwa kwenye kibonde.

Siku ya kupiga picha mtangazaji, kijana mwenye meno mengi aitwaye Corey, alipata sarafu nne kabla ya saa tatu. Zote zilikuwa zimelala juujuu kwenye udongo laini uliotifuliwa usiku. Dougie aliliona hilo mara moja.

"Hizi zimepandwa kama viazi," alimnong'oneza Merle.

"Nyamaza, tutafukuzwa."

"Nanyamaza. Nasubiri tu zichipue."

Merle aliwaacha, akaenda zake kibondeni. Alitembea taratibu mpaka jua likamfika utosini. Ndipo akasikia mlio mdogo, laini, wa chini sana, ambao mwenye pupa angeupita. Akapiga magoti, akachimba, akachimba tena. Alipoingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoka na donge la udongo, na ndani ya udongo mlikuwa na kufuli dogo la fedha, bapa, lenye maandishi asiyoyajua. Kamera ilikuwa nyuma ya bega lake. Akalisugua kidogo kwa kidole gumba, akasema, "Loo."

Saskia, mwongozaji wa kipindi, alikuja mbio, Corey na Dougie nyuma yake.

"Merle mpenzi, hukushangaa."

"Nimeshangaa."

"Mbona usoni haionekani?"

"Uso wangu ndio huuhuu."

"Kelele ziko wapi, bibi?" Corey alidakia. "Umepata mali wewe!"

"Huyo ukimsikia anapiga kelele," Dougie alisema, "ujue nyumba inaungua."

Ikaamuliwa Corey alipate yeye. Kufuli likarudishwa shimoni, Corey akalipata, akapiga yowe. Upepo ukaharibu sauti. Likarudishwa, akalipata tena, akacheza, akateleza. Mara ya mwisho alicheza vizuri, na kufuli likatiwa kwenye sanduku jeusi na kupakiwa kwenye gari la kwenda Melbourne kwa wathamini. Merle alichukua koleo lake ili afukie.

"Acha kwanza," Saskia alisema. "Nataka Corey asimame hapo karibu na shimo, anaangalia mbali, mwanga wa jioni unampiga shavuni."

"Shimo haliachwi. Mwenyewe atakuja."

"Akija naye tutampiga picha," Corey alisema.

"Nusu saa tu, mpenzi. Tafadhali."

Katika darasa la Merle hakuna mtoto aliyewahi kuongezewa hata dakika. Lakini aliyatazama yale malisho, akafikiri lango litafungwa kesho na halitafunguliwa tena, akaliweka koleo chini. Aliona aibu palepale alipoliweka, na aibu hiyo anayo mpaka leo.

Jua lilipogusa mikaratusi, mkono ulitokea ukingoni mwa shimo, ukapapasa mahali pa kushika. Dougie akaupa wake. Shimo lilikuwa la ukubwa wa ndoo, lakini mtu alipita, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, nywele zimesukwa msuko mmoja mrefu mgongoni, udongo umemjaa masikioni. Merle alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa. Fundi wa sauti alimbandika kipaza sauti kifuani, maana ndiyo kazi yake.

Mgeni alizungumza lugha ya hapo bila taabu. Alikuwa ameisikiliza kwa miaka mingi ikisemwa juu ya kichwa chake na wakata manyoya ya kondoo, na hakuwa na mwalimu mwingine.

"Habari za jioni, mikia michafu nyie," alisema kwa heshima, ameinamisha kichwa. "Naitwa Leong Fook Sing. Natafuta kufuli la mwanangu."

Alieleza kwamba kwao, ng'ambo ya bahari, kufuli la namna hiyo huvishwa mtoto shingoni ili uhai wake usitoke. Siku ya kuondoka kwake kuja kutafuta dhahabu, binti yake Yuk alilivua, akamvisha baba, akasema atamfungulia akirudi. Kwenye kona moja kulikuwa na alama mbili za meno, kwa sababu Yuk alikuwa akilitafuna alipoanza kuota meno. Kwa alama hizo angelitambua hata gizani.

"Nikilipata nakwenda nyumbani," Leong alisema. "Bila hilo siwezi. Nimfikie na shingo tupu?"

Merle akamuuliza ilikuwaje.

"Nilikuwa chini nachimba. Udongo ukaanza kumwagwa. Nikapiga kelele, mmoja akachungulia. Tukatazamana. Alikuwa na ndevu nyekundu. Akawaambia wenzake, 'Endeleeni.'"

Rex Hannaford alikuwa ameegemea pikapu yake. Alizishika ndevu zake, ambazo ni nyekundu, kisha akaziachia.

"Sisi nyumbani tuliambiwa shimo lilizibwa kwa ajili ya kondoo," alisema.

"Kondoo walikuja baadaye, mzee. Nilikuwa nawasikia."

Saskia alikuwa ameshika mikono yake kifuani.

"Nzuri sana hii. Imenigusa kweli. Ila ni nzito. Unaweza kuisema tena, kwa ufupi, umalizie na tabasamu?"

Leong alijaribu, maana alikuwa mtu mstaarabu. Tabasamu halikuja. Saskia akasema basi, si neno, na mwanga nao umekwisha. Kuhusu kufuli alisikitika. Lilikuwa njiani kwenda Melbourne, na karatasi alizosaini Merle zilisema wazi kwamba kila kinachopatikana mbele ya kamera ni mali ya kipindi.

"Basi nitasubiri," Leong alisema.

Merle alimchukua nyumbani kwake. Alimtandikia kitanda kwenye banda la marehemu mumewe, katikati ya makopo ya skrubu. Leong hakulalamika, alisema pana hewa. Asubuhi alipalilia bustani, mchana alikaa na redio, na Jumamosi alikuja kwenye mikutano ya chama, ambako aliosha vikombe bila kuombwa. Kule dukani walimwita Leong wa Merle. Mwenye duka alimwekea pai ya nyama kila Ijumaa, naye alishukuru kwa maneno ambayo Merle alijaribu kumfundisha asiyatumie tena mbele ya watoto.

Merle alipiga simu Melbourne. Alipiga tena. Alizungushwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, wote wakimwita mpenzi, mpaka akapatikana bwana wa mambo ya mali.

"Tunaelewa kabisa," bwana huyo alisema. "Mwenye mali akijitokeza, na akathibitisha, tunarudisha. Je, ana ushahidi wowote?"

"Kuna alama mbili za meno ya mtoto. Kwenye kona."

Bwana huyo akaenda kuangalia, akarudi kwenye simu.

"Tumelikagua, mama. Halina alama yoyote. Pole sana, litakuwa la mtu mwingine."

Merle alirudi bustanini na habari hiyo. Leong alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya njegere. Alisikiliza mpaka mwisho.

"La mtu mwingine," alisema. "Mle chini nilikuwa peke yangu, dada mkubwa."

Wakati huo ng'ambo ya mto trekta lilianza kunguruma. Rex alikuwa ameliacha shimo wazi kwa muda, kwa sababu Merle alimwomba: lilikuwa njia ya Leong kurudi. Sasa alikuwa anamwaga udongo na kifusi. Merle alichukua pikapu ya Dougie, akaenda mpaka langoni, akamkuta Rex juu ya trekta.

"Rex, ulinipa neno lako."

"Kondoo watavunjika miguu, Merle."

"Kondoo gani? Umewauza wote."

"Nitanunua wengine," Rex alisema, akaangalia usukani.

Merle aliporudi, Leong alikuwa bado kwenye ndoo. Sauti ya udongo ukianguka ilifika mpaka kwenye bustani ile, nzito, ikisita na kuendelea.

"Safari hii niko nje," alisema, akachukua ganda jingine.

Kipindi kilitoka Alhamisi moja ya baridi. Wanachama wote walijazana sebuleni kwa Merle, na Leong akapewa kiti cha mbele. Walimwona Corey akitembea kibondeni huku muziki unalia. Halafu, kwa muda wa mtu kuvuta pumzi, ukatokea mkono mkavu wenye mishipa, umeshika donge la udongo, na kidole gumba kikisugua kona ya kufuli. Ulikuwa mkono wa Merle. Labda mhariri wa picha alipitiwa, au aliupenda. Papo hapo akaja Corey, akapiga yowe, akacheza. Tarakimu za njano zikapanda. Kufuli likaonyeshwa juu ya kitambaa cheusi, limesuguliwa kwa dawa na kung'arishwa, linametameta, kona zake zote laini kabisa. Sauti nene ikasema liliangushwa na mchimbaji mwenye bahati aliyekuwa akirudi kwao tajiri.

Leong mwenyewe hakuwemo. Alionekana Corey wakati wa machweo, na kando yake kipande cha mkono wa shati lenye udongo, kikatoweka.

Hakuna aliyecheka siku hiyo. Dougie alisema watu hawa ni wajinga, akaenda jikoni. Leong alibaki anatazama kioo.

"Wamemfuta Yuk," alisema.

Kesho yake Merle alipiga simu. Alisema alama zimo, zinaonekana kwenye kipindi chao wenyewe, watazame ule mkono. Bwana wa mambo ya mali alimjibu kwa upole kwamba kipindi kimeshapita, mpenzi, na kufuli limewekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na wageni wanalipenda sana.

Liko hapo mpaka sasa. Malisho ya Hannaford yamefungwa tena, na majani ya kibonde ni kijani kuliko zamani. Leong yumo bandani. Kila mara kipindi kinaporudiwa, na hurudiwa mara nyingi, Merle huweka chai mezani na kukaa na kidole juu ya kitufe cha rimoti, kwa kuwa sasa anajua pa kubonyeza. Ukitokea ule mkono wenye udongo, picha husimama. Leong husogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa kioo. Kwenye kona ya kufuli, kando ya kidole gumba cha Merle, alama mbili zinaonekana, za meno madogo ya juu. Hukaa nazo mpaka chai yake ipoe. Kisha humwambia Merle aachie, na Corey anaanza kucheza.