Nafasi ya SSD

Mimi sina ugomvi na mtu; mwenye ugomvi ni simu yangu.

Kompyuta kubwa ya saiba yangu, duka langu la intaneti hapa Sori, ilikuwa inakufa kila mara: motherboard yake, ile bodi kuu, imechoka. Dahir, muuza spea za kompyuta Migori mjini, alinipigia kunionya. "Dada Terry, usibebe motherboard yoyote tu. Kuna zingine zinaona SSD lakini haziwezi kuwaka kutoka kwake. Niandikie vile unataka." SSD nilikuwa nayo tayari, kidude chembamba kama chingamu ya bigijii, na ndani yake ndimo yalimo yote yanayoiamsha kompyuta.

Nikaandika: "Motherboard yetu imezeeka. Inakaa tu ikitoa joto, haiamki mpaka ipigwe kofi. Tuchague ingine kabla ya Jumamosi, hata mtumba ni sawa, bora iwe na nafasi ya SSD."

Nikatuma. Ujumbe ukaenda kwa kikundi cha akina mama wa kanisa badala ya Dahir.

Sasa, kamati ya kikundi hicho inajiita Mother Board. Jina hilo alilibuni mwenyekiti wetu, Pauline, tunayemwita Min Jeff, yaani mama yake Jeff, na Pauline ndiye mwenye chumba cha saiba yangu. Nikajaribu kuufuta ujumbe, mtandao ukasusa.

Phanice alijibu wa kwanza. "Wuololo! Mwenyekiti wa mtumba?"

Mwingine akauliza, "Na SSD ni nani anatafutiwa nafasi?"

Phanice hajawahi kushindwa na swali. "Si ni Sister Salome Dina!"

Salome mwenyewe akaandika, "Asanteni kwa kuniamini."

Nikiwa bado nang'ang'ana kuufuta, Pauline akaingia saiba, kitambaa cha kichwa kimekwenda upande. Nikajua leo viti vyangu vinalala barabarani.

"Terry. Ni mimi natoa joto?"

"Min Jeff, haki ni kompyuta!" Nikamwekea ile bodi mbovu mkononi. "Natafuta ingine. Dahir anasema zingine zinaona SSD tu, haziwaki."

Aliigeuza, akaipuliza vumbi, kisha akakaa.

"Hata mimi aol," akasema. "Nimechoka kabisa. Nilikuwa nangoja tu mtu aseme. Chumba kaa nayo, lakini Jumamosi unisaidie nitoke kwa hicho kiti cha mwenyekiti."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, kwa ile hofu iliyonitoka.

Bodi ya Dahir ilifika, nikachomeka SSD, kompyuta ikaamka bila kofi. Jumamosi kikundi nacho kikachagua Mother Board mpya, mwenyekiti Sister Salome Dina.

Siku hizi Pauline hukaa nami viti vya nyuma, viatu amevua. Mkutano uliopita tulikuwa tumekaa saa nzima, na Salome bado alikuwa pale getini akisalimia watu mmoja mmoja. Pauline akaniinamia sikioni.

"Terry," akasema, "SSD tunaiona. Lakini hatujawaka."