Mayai ya Udongo

Mimi ndiye niliyemrudisha mume wangu Adalbert mjini siku ile ya vita, na sababu ilikuwa mayai matatu. Nalisema mapema ili asitokee mtu wa kuninong'ona mgongoni.

Adalbert alifuga kanari. Nyumba yetu ya mtaa wa Himbi ilikuwa na vyumba vitatu, na kile kizuri, chenye dirisha la kuelekea ziwani, kilikuwa cha ndege. Mungu hakutupa watoto, basi majirani walimcheka muzee mzima anayewapondea ndege mayai ya kuchemsha. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka. Kijiko kikipotea jikoni, nilijua kiko wapi.

Msimu wake ulianza na mvua za Septemba, lengalenga zikichipua kando ya ukuta. Kanari jike hutaga yai moja kila asubuhi. Ukimwacha alilalie la kwanza, kifaranga wake atatangulia siku tatu, na wadogo watakufa njaa chini yake. Kwa hiyo Adalbert aliondoa kila yai likiwa bado na joto, akaliweka ndani ya kopo la maziwa lililojaa pumba, na kiotani akaacha yai la udongo aliloliumba mwenyewe na kulipaka chokaa. Siku ya nne alirudisha yote ya kweli kwa pamoja, na ya udongo yakaingia kwenye pumba. Vifaranga wakifika siku saba, aliwavisha pete ya alumini mguuni. Mapema kuliko hapo pete huanguka. Ukichelewa, mguu umenenepa na pete haipiti tena kwa namna yoyote.

Mwaka ule wa tisini na sita, wakimbizi waliokuwa kambi ya Kibumba walipita mjini kwetu siku nzima wakielekea magharibi, na baada yao yakaja mabomu. Siku tulipokimbia, jike mmoja alikuwa ametaga mayai matatu. Adalbert aliwaachilia ndege wengine wote dirishani, akambakiza yeye na dume wake. Alikuwa akifunga godoro kwenye chukudu, kile kigari chetu cha mbao, aliponiita, "Ernestine, chukua mayai!" Nikaingiza mkono kiotani, nikatoa matatu, nikayafunga kwa pamba na kuyaweka kifuani. Nilijiona mke hodari.

Tulipumzika karibu na kiziwa cha Lac Vert, katikati ya watu na vilio vyao. Nikafungua pamba nimwonyeshe. Alichukua yai moja akaliinua kwenye jua, kisha akacheka mpaka machozi.

"Ernestine! Umebeba udongo. Ya kweli iko mu boite, mu kopo ya pumba."

"Si ulisema mayai?"

"Nilisema mayai, ndiyo." Akaacha kucheka. "Jike atakaa juu ya kioto bure. Narudia mara moja, mbele ya saa tisa niko hapa."

Aibu ilinishika, na mimi nikiona aibu hukasirika. Ningeweza kumshika shati. Badala yake nikamwambia, "Nenda basi, ulale nao hao ndege wako!" Akalitia lile yai mfukoni mwa shati lake la bluu, akanichapa kidogo begani, akaondoka. Mawili yakabaki kwangu.

Saa tisa ikapita, nikaendelea na watu mpaka Sake, nikakaa kwa dada yangu mpaka siku ya ishirini na nne. Adalbert hakuja.

Niliporudi, jirani yetu Papa Kamate aliningoja kwenye lango, kofia mkononi. Alinipa ufunguo wa nyumba yangu.

"Pole, mama. Alianguka hapa, ile siku ya kwanza, mbele ya mlango. Alikuwa hajafungua. Nilimuzika na hii mikono yangu, pale kwa lengalenga, nikapanga mawe juu."

"Ulimwona uso?"

Kamate akatazama chini. "Uso ulikuwa umeharibika, mama. Lakini shemizi, ile shati ya bluu, ilikuwa yake. Na huu ufunguo ulikuwa chini, pembeni yake."

"Nani ameingia ndani tangu hapo?"

"Hakuna mutu. Ningesikia."

Nikafungua. Sakafu ilikuwa na vumbi, na vumbi halikuwa na unyayo. Chumbani kwa ndege kulinukia majani. Kwenye waya za kizimba kulikuwa na lengalenga iliyochomekwa, mbichi, ina matone. Maji yalikuwa safi. Dume aliimba aliponiona, na jike akanyanyuka kiotani. Chini yake walikuwa vifaranga wanne wenye umri wa siku kumi hivi.

Kila mmoja alikuwa na pete mguuni.

Kanari hulalia mayai siku kumi na tatu. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Mayai yalirudishwa chini ya mama yao siku moja baada ya sisi kukimbia. Na pete zile zilivalishwa siku tatu tu kabla ya mimi kufika. Nikatoka mbio nikimwita Kamate, nikicheka na kulia.

"Adalbert yuko muzima! Umezika mutu mwingine!"

Aliingia, akazitazama zile pete moja moja. Kisha akafanya ishara ya msalaba na kurudi nyuma mpaka nje. Toka siku ile hakukanyaga tena ndani kwangu.

Shemeji yangu Josias alishuka kutoka Butembo, akitaka tufanye matanga. Kwao marehemu asiyekaliwa matanga hapumziki. "Shemeji, miezi miwili sasa," alisema. "Utamufunga kaka yangu mpaka lini?" Nikamwambia sitamlilia mtu aliye hai. Akasema basi tufukue, tumwangalie. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka. Nilimwita Josias majina ambayo sitayarudia hapa, naye akapanda gari kurudi kwao. Ukweli ni kwamba niliogopa. Lile kaburi likibaki limefungwa, sikuwa nimemuua mume wangu.

Vifaranga walipoanza kula wenyewe, jike akataga tena. Nikasema moyoni: kazi hii Adalbert hawezi kuikosa. Niliacha mlango bila kufuli. Asubuhi ya kwanza niliondoa yai, nikaweka la udongo. Ya pili vilevile. Ya tatu udongo ulikuwa umekwisha, maana nilikuwa na mawili tu, basi nikaweka haragwe jeupe. Ndege alinitazama kama anayejua kazi hii nimeiazima. Mayai ya kweli matatu yalilala ndani ya kopo.

Asubuhi ya nne niliamka mapema, mvua ikinyesha, niyarudishe yote kwa pamoja. Sikusikia kitu usiku ule. Jike alikuwa amelala kiotani, ametulia. Nikapitisha kidole chini yake nitoe ya udongo, nikakuta joto. Yalikuwa ya kweli, yote manne.

Nikageuka kwenye kopo. Haragwe lilikuwa limelala juu ya pumba. Nikalisogeza, nikachimbua kwa vidole.

Yai la udongo. La pili. La tatu.

La tatu halikuwa jeupe tena. Chokaa ilikuwa imetoka, na changarawe nyeusi ya kwetu, ile ya mawe ya volkano, ilikuwa imenata kote, yenye maji. Kulikuwa na uzi umeng'ang'ania pembeni. Niliuosha kwenye kikombe cha ndege. Ulikuwa wa bluu.

Nje, Kamate alikuwa amesimama kwenye lengalenga na jembe lake, ananyeshewa. Nilimwuliza dirishani kama kuna mtu amegusa mawe.

"Hapana, mama," alisema. "Iko vile niliyaacha."

Nikakaa sakafuni na yale mayai matatu mapajani. Sikuogopa. Niliumia tu, ile ya kuumia kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemwambia aende alale na ndege wake, naye kwa miezi miwili alikuwa akiamka pale chini ya mawe kuja kumaliza kazi niliyoiharibu mimi.

"Adalbert," nikasema, "nilikosea. Nilikosea mayai, na nikakosea maneno. Sasa najua kuyatofautisha. Acha, baba, nitawavisha pete mimi."

Mchana nilimtuma mtu Butembo amwambie Josias aje na wenzake tumlilie kaka yao. Kisha nikafunga mlango kwa ufunguo, kwa mara ya kwanza tangu jike aanze kutaga. Siku ya saba ya vifaranga niliwavisha pete wote wanne. Wa mwisho nikamuumiza kidogo. Nilingoja mpaka jioni nione kama kuna mtu atakuja kunirekebisha, na hakuja mtu.