Jina la Dada Ukutani

Dada yangu alikufa mwezi wa pili, na tangu siku hiyo jina lake halijatoka kinywani mwa yeyote wa kabila letu la Wawarlpiri. Mpwa wetu aliyepewa jina hilohilo sasa tunamwita Kumanjayi, kama tunavyomwita kila anayevuliwa jina na msiba. Picha za marehemu tumezigeuza zitazame ukuta. Roho yake iko njiani kurudi kwenye kisima cha mwambani ilikotoka, na safari hiyo si ya siku moja. Ukimwita, anageuka. Akigeuka mara nyingi, hafiki.

Basi baraza la mji likaamua kumuenzi. Wiki ya Maridhiano kati ya weusi na weupe ilikuwa inakaribia, na kila mwaka mji wetu huu wa katikati ya Australia hutafuta mtu mweusi wa kumvisha maua. Safari hii wakampata asiyeweza kukataa. Bwawa la kuogelea, wakasema, litaitwa kwa jina lake.

Bwawa lenyewe ni lilelile ambalo utotoni tulilichungulia kupitia uzio, mimi na yeye, tumeshika waya uliochomwa na jua, kwa sababu mlangoni paliandikwa kwamba watoto weusi hawaingii. Alipokua, dada alipambana na baraza hilo miaka nenda miaka rudi mpaka mlango ukafunguliwa. Sasa wanataka kila mchana wa joto watoto wa mji mzima walipigie kelele jina lake: twende kwa fulani, tukutane kwa fulani. Angefika lini huko aendako?

Nilimwendea meya, Lyle Hobday, nikamweleza yote haya. Akanipa chai na biskuti, akanisikiliza kwa upole wa kuudhi. Nilimwomba asubiri tu, ukoo utakapoona wakati umefika utalifungua jina wenyewe. Akasema kibao kimeshachongwa na wageni wameshaalikwa, ila ataweka onyo dogo pembeni kwa wale wenye hisia kali. Nikaiacha chai yake mezani nikaondoka. Nilikuwa na hasira, na sioni haya kusema hivyo.

Siku ya sherehe nilijipaka udongo mweupe kwenye kichwa nilichokinyoa kwa msiba, nikaenda. Mwanangu Clifton alinisihi nisianzishe vurugu, polisi wapo. Nikamwambia polisi wapo tangu nizaliwe.

Kibao kilikuwa ukutani karibu na mlango, kimefunikwa kitambaa cha buluu. Wanawake wetu walisimama mbali, wengine wameshaziba masikio. Meya alipokishika kipaza sauti, nikampita, nikakiegemea kile kitambaa kwa mgongo.

“Shangazi Biddy, tafadhali,” akasema. Wote wananiita shangazi siku hizi, wamefundishwa kwenye semina. “Tunamheshimu dada yako.”

“Mheshimu kwa kunyamaza.”

“Tukinyamaza si atasahaulika?”

“Na nani? Na mimi?”

Kule nyuma watu wetu wakacheka. Meya akawageukia wageni, akawaeleza kwa sauti ya kupendeza kwamba ukuta huu lazima uwe na jina, historia isije ikapotea.

“Sawa, weka jina,” nikamwambia. “Ninyi wafu wenu mnawataja, hamna shida. Basi weka la baba yako. Si ndiye alikuwa meya wakati ule? Maneno ya pale mlangoni aliyaandikisha yeye. Chini ya jina uandike: huyu ndiye aliyewafungia mlango watoto weusi.”

Kipaza sauti kilikuwa wazi, na maneno yakafika hadi barabarani. Hakuna aliyecheka. Meya akakifunika kwa kiganja, akanisogelea mpaka nikasikia pumzi zake.

“Mama yangu yuko pale mbele,” akaninong'oneza. “Tumemzika mzee mwaka jana tu. Akiendelea kusikia anatajwa hivi mbele za watu, utamuua. Tupe muda, Shangazi.”

Nikamtazama yule bibi kizee, mkoba umewekwa magotini, kofia imemkaa upande. Nilimwonea huruma, kweli nilimwonea. Hasira haikupungua hata kidogo.

“Muda,” nikasema. “Ndicho nilichokuomba ofisini kwako.”

 Meya akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akamwita fundi wa baraza, akamwambia alete bisibisi.

Nilimpisha fundi kidogo tu, mkono wangu ukiwa umekishikilia kitambaa. Kibao kiling'olewa kikiwa kimefunikwa vilevile, na mpaka kilipopakiwa garini na kuondoka, mimi nilikuwa bado nimesimama pale ukutani.