Jora la Jumanne

Mdogo wangu aliposema kwamba akiinamisha kichwa anaumwa mguu, machale yakanicheza. Tangu lini kisogo na kisigino wakawa majirani? Angesema kiuno, ningemwelewa. Lakini kichwa!

Tunashona mapazia na foronya. Mimi nakata, yeye yuko kwenye cherehani ya kukanyaga, na wateja wanamwita Fundi Upepo kwa kasi ya miguu yake. Sasa upepo ulikuwa umekata wiki ya tatu, eti mguu wa kushoto unawaka moto. Nikaanza kumchunga. Akitembea, mzima. Akiketi tu kwenye kazi, mgonjwa! Na akicheka na wateja nilikasirika zaidi, maana mgonjwa gani anacheka hivyo?

Jumanne nikamtega. Niliburuta jora zito la kitambaa hadi mlangoni, nikamwita. Akaja, akaliruka.

"Mwanaume mzima unaruka jora? Au unangoja mimi dada yako nilinyanyue?"

Alinitazama kidogo, akainama, akalinyanyua. Nikajisemea, njia ya mwongo ni fupi. Jioni ile ile nikamwahidi binti wa jirani ile cherehani. Kilichobaki ni ushahidi wa kumfukuzia kazi, maana mama asingekosa kuniuliza.

Ndiyo maana Ijumaa nilimpeleka mwenyewe kwa mtaalamu wa viungo, mama mmoja mfupi asiye na haraka. Nikamvuta pembeni.

"Huyu anaigiza. Muulize habari ya kichwa na mguu, utacheka mwenyewe."

Hakucheka. Alimkalisha ukingoni mwa kitanda, akamwambia akunje mgongo, aweke kidevu kifuani, kisha anyooshe goti la kushoto taratibu. Halijafika hata nusu, mdogo wangu akapiga kelele.

"Mguu uache hapo hapo," mtaalamu akasema. "Inua kichwa tu."

Akakiinua, na uso ukamlegea. "Imepungua, dokta."

"Umemwona?" nikadakia. "Anaumwa mguu, anaponea kichwani!"

"Dada, anayeigiza hawezi kujua kusema hivyo. Wewe ni fundi. Kamba ya suruali ndani ya pindo, ukivuta ncha moja, nyingine inafanyaje?"

"Inaingia ndani."

"Mishipa ya fahamu nayo ni hivyo. Inatoka kwenye ubongo, inapita ndani ya uti wa mgongo, inashuka mpaka vidoleni. Kila ukijikunja inateleza na kuvutika kidogo. Sasa sindano ikiishona kamba pamoja na pindo?"

Nimewafokea watu wengi kwa kosa hilo. Kamba ikishonwa, uivute kutoka huku au kule, kitambaa kinaumia pale pale iliponasa.

"Kuna kitu kimetokeza kati ya pingili zake za chini, kimeubana mshipa," akaendelea. "Kukaa ndiko kunakouzidishia maumivu." Kisha akamgeukia. "Inua kidole gumba cha mguu."

Kidole hakikuinuka. Mdogo wangu alikikazia macho, jasho likamtoka, kidole kimelala tu. Mtaalamu akaweka kalamu chini.

"Kimeacha lini kuinuka?"

"Jumanne."

"Jumanne ulifanya nini?"

Mdogo wangu hakugeuka upande wangu hata kidogo.

"Nilinyanyua jora, dokta. Ubishi wangu tu."

Mtaalamu akaandika barua ya hospitali kubwa, akasema tuondoke sasa hivi. Mshipa uliobanwa namna hiyo unaweza kupona, unaweza usipone. Kuhusu kukanyaga cherehani hakutaka kuahidi chochote.

Alipotoka kutafuta mhuri nilipiga magoti nimvalishe mdogo wangu kiatu. Niliona aibu.

"Lile jora niliweka mimi," nikasema. "Nilikutega."

"Najua, dada. Niliona alama za kuburuta sakafuni."

"Uliona, na bado ukalinyanyua?"

"Nilidhani nikilinyanyua utaacha kunichunga."