Katekista Anatory na Mwizi Mushumbusi

Katekista Anatory alizikuta dadu Jumapili ya Matawi, chini ya mto wa mwanawe mgonjwa. Mkewe Bernadina alikuwa anabadilisha shuka, naye akainua mto aukung'ute, zikaanguka sakafuni saba. Hazikuwa dadu za kawaida. Moja ilikuwa na pande nne tu, nyingine nane, na moja kubwa ya bluu ilikuwa na pande ishirini, kila upande na namba yake.

"Za nini hizi?"

"Za mchezo, Tata," akamjibu mwanawe Ishengoma kutoka kwenye kiti walichomkalisha karibu na dirisha.

"Kamari?"

"Hakuna anayeshinda chochote, wala anayeliwa. Tunacheza kila Alhamisi, wewe ukiwa umekwenda kufundisha dini kijiji cha ng'ambo."

"Tunacheza! Wewe na nani?"

Bernadina alijikuta ana kazi kubwa ya kunyoosha shuka ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Ishengoma alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Mwaka wa sabini na nane alikwenda vitani na mgambo, akavuka mpaka, akarudi kwao Maruku bila hata mkwaruzo, wazazi wake wakatoa Misa ya shukrani. Baadaye akawa mwalimu wa hisabati Bukoba mjini, akapanga nyumba Rwamishenye, akaoa. Mkewe walimzika mwaka uliopita. Januari hii ya themanini na tisa alirudi kwa wazazi wake nyuma ya pikapu ya rafiki, amekonda hadi saa ya mkononi inampwaya, pamoja na binti yake Klaudia wa miaka kumi na mmoja, sanduku la nguo na boksi moja la karatasi ngumu. Ugonjwa wake haukutajwa ndani ya nyumba. Nje, watu waliuita Juliana, jina la yale mashati ya magendo yaliyopendwa na vijana wakati ule.

Boksi aliachiwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Kanada aliyefundisha naye miaka miwili. Mchezo wenyewe haukuwa na ubao wala kete. Mmoja alisimulia, wengine kila mmoja akajifanya mtu fulani ndani ya hadithi, akaamua mtu huyo aseme nini na atende nini. Jambo likiwa gumu, dadu ndiyo ilikata shauri. Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu cha kanuni, na Ishengoma alikigeuza chote kuwa Kiswahili katika madaftari manne. Theluji na majumba ya mawe, vitu asivyowahi kuviona, alivitupa. Mahali pake akatia ziwa lenye visiwa, wafalme wenye ngoma zao, na Mugasha, yule bwana wa mawimbi waliyemwabudu mabibi kabla mapadre hawajafika.

Huyo Mugasha ndiye aliyeharibu mambo. Anatory alifungua daftari la kwanza, akaliona jina hilo, akalifunga kama mtu aliyefunua chungu akakuta nyoka. Ujanani mwake alizunguka vijijini na padre wakibomoa vibanda vya mizimu.

"Mugasha! Nyumbani kwa katekista! Rozari umeikataa, padre umemkataa, kumbe una Mugasha chini ya mto! Nitavichoma vyote."

"Askari walizipigia kura nguo za Bwana, najua utasema hivyo," Ishengoma akasema kwa upole.

"Ndivyo nisemavyo!"

"Na mitume walipiga kura wakampata Mathia."

Bernadina akadakia kabla Anatory hajajibu. "Baba Ishengoma, wewe huwafundisha watu wasihukumu wasichokijua. Ngoja Pasaka ipite. Alhamisi ile ukae uone. Ukitaka kuchoma, kiberiti nitakuletea mwenyewe."

Akakubali, ila dadu akazichukua. Wiki Kuu yote zilikuwa mfukoni mwa koti lake. Ijumaa Kuu, aliposimama kigangoni kusoma Mateso, akafika pale askari wanapopiga kura, akasogea vibaya zikagongana kwa sauti, na mama mmoja wa benchi la mbele akamwangalia mfuko.

Alhamisi baada ya Pasaka mvua ya masika ilikuwa imepumzika. Walikusanyika chumbani kwa mgonjwa saa nane mchana. Minza naye alikuwepo, mwanamke wa Kisukuma kutoka visiwa vya Muleba, aliyekuja kila Alhamisi kuuza dagaa gulioni, akishamaliza hupumzika kwa Bernadina. Anatory aliwarudishia dadu, akaketi mlangoni, kwenye kiti alichokizoea, rozari mkononi kama mlinzi mwenye rungu.

Alichokiona hakukitegemea. Mkewe, mwanamke aliyekuwa akinong'ona hata akiita kuku, aligeuka kuwa mwindaji aitwaye Rugemalira, mvuta kiko, mwenye sauti nene na matusi ya kiungwana. Klaudia alikuwa mganga wa mitishamba. Minza alishika usukani wa mtumbwi, ingawa siku hiyo mtumbwi ulikuwa mbali na walikuwa wamekwama ukingoni mwa mto. Daraja limekatwa, adui yuko nyuma.

"Mnafanya nini?" aliuliza Ishengoma. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Anatory hakuwa ameyaona yakiwa hivyo tangu Januari.

"Nitaogelea," alisema Rugemalira.

"Mto umefurika. Kuna viboko."

Wakabishana. Minza akataka kupigana, Klaudia akataka kujificha. Anatory alivumilia mpaka akashindwa.

"Migomba!" akafoka. "Mmezungukwa na migomba na hamuioni? Kateni mashina, yafungeni pamoja, yanaelea!"

Ishengoma akamgeukia. "Nani amesema hivyo?"

"Mimi."

"Wewe nani? Aliye nje ya hadithi hashauri."

"Basi niandike. Katekista."

"Katika nchi hii Injili haijafika, Tata. Chagua mtu asiye wewe kabisa."

Anatory alifikiri. Mtu asiyekuwa yeye kabisa? "Mwizi," akasema, na papo hapo akaona aibu. "Mwizi wa mbuzi. Mzee. Anaitwa Mushumbusi. Lakini nikisema nimeiba ilhali sikuiba, huo si uongo?"

"Bwana alisimulia habari za wakili dhalimu. Alikuwa anasema uongo?"

"Hapana."

"Basi rusha."

Anatory aliirusha ile ya bluu. Kumi na tisa. Chelezo cha migomba kikavuka na watu wote, na Minza akampiga katekista wa kigango kizima kofi la mgongo.

Kiberiti hakikuletwa. Mafundisho ya ng'ambo ya Alhamisi yakahamishiwa Jumatano. Na wacha niseme ukweli, Mushumbusi alikuwa mwizi hasa. Aliiba mbuzi wa mfalme, akaiba ufunguo wa ghala, akaiba hata kiko cha Rugemalira. "Miaka thelathini na minne nimelala na jambazi," alilalamika Bernadina, na Ishengoma alicheka hadi kikohozi kikamshika wakalazimika kungoja.

Lakini jambo moja halikusogea. Kila asubuhi Anatory alisimama mlangoni mwa chumba, akasali Baba Yetu na Salamu Maria, kisha akauliza, "Nimwite Padre Josia?" Na kila asubuhi Ishengoma alijibu, "Bado, Tata." Nusu ya parokia iliungamishwa kwa mafundisho ya Anatory. Mwanawe wa pekee alikuwa anakwenda kaburini bila sakramenti, na yeye hakujua kwa nini. Usiku alimuuliza Mungu, asubuhi akarudi mlangoni.

Mwezi wa sita, jua la kiangazi likianika kahawa uani, wasafiri wa hadithi walifika kwenye kisiwa chenye uzio mrefu wa matete. Mushumbusi alisikia kwamba ndani kuna vyungu vya dawa, akapanda uzio peke yake.

"Hakuna vyungu," alisimulia Ishengoma. Sauti yake siku hizo ilikuwa ndogo, ilibidi wote wasogee. "Kuna kibanda. Ndani amelala mtu, mgonjwa. Anakuona. Anasema, 'Usinikaribie. Wote wanaokuja husimama mlangoni wakaniombea, kisha huenda zao.'"

Anatory alikuwa ameketi pale pale mlangoni. Tangu Januari hakuwa amemshika mwanawe mkono. Kikombe cha Ishengoma kilikaa peke yake kwenye rafu yake, na aliyeamuru kikae huko alikuwa yeye.

"Unafanya nini, Mushumbusi?"

Mwizi wa mbuzi hajui sala. Anatory alisimama, akavuka chumba, akaketi kitandani, ubavuni kabisa mwa miguu ile iliyokonda. "Ninakaa," akasema. "Ninamuuliza kama amekula."

"Anasema hajala vizuri siku nyingi. Anaona ajabu kwamba umekaa."

"Ninamuuliza amewekwa hapa na nani."

Ishengoma alijiinua kwenye mto. Klaudia alikuwa ameacha kutafuna punje yake ya kahawa. "Anasema hakuwekwa na mtu. Alikuja mwenyewe. Alikuwa na baba, msemaji mkubwa wa watu. Siku moja alikwenda kumsikiliza, amekaa benchi la tatu na mkewe, na mkewe ameshaanza kukohoa. Baba akasema mbele ya wote kwamba ugonjwa huu ni fimbo ya Mungu kwa wazinzi."

Hapo Anatory alikumbuka. Kwaresima ya mwaka uliotangulia. Aliyasema maneno hayo kwa sauti yake nzuri, watu wakatikisa vichwa kukubali, na baada ya ibada mkwe wake akamsalimia kwa kupiga magoti kama kawaida. Hakuona chochote siku ile.

Chumba kizima kilikuwa kinamngoja. Alijaribu kusema kama katekista, maneno hayakuja. Yalikuja ya yule mwingine.

"Mwambie," akasema Mushumbusi, "huyo baba yako alikuwa mwoga. Mtu akiogopa hutafuta wa kumlaumu. Mimi ni mwizi, watu kama hao nawajua. Si kwamba hakupendi."

"Anauliza, wewe unamjuaje?"

"Namjua." Anatory alikuwa ameshika mguu wa mwanawe juu ya blanketi na hakujua ameushika saa ngapi. "Mwambie nitambeba. Nitaruka naye uzio, nimpeleke nyumbani."

"Rusha dadu. Unahitaji kumi na mbili."

Akarusha. Tatu.

"Walinzi wamewakamata wote wawili," alisema Ishengoma.

"Haiwezekani! Mtu anafanya jambo jema namna hiyo, halafu tatu? Rudia!"

"Harudii mtu." Ishengoma alitabasamu. "Tata, mimi dadu nazipenda kwa hilo. Hazimwonei mtu. Nilikuwa vitani, kombora lilimpata aliyekuwa kulia kwangu na aliyekuwa kushoto. Walikuwa wema kuliko mimi. Sikusema Mungu amewachapa. Na hili langu nisingependa mtu aseme hivyo. Hata wewe."

Minza alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akasema moshi wa jikoni umeingia, ingawa jikoni hapakuwa na moto.

Jumapili iliyofuata, padre alikuwa kigango kingine, kwa hiyo Anatory aliongoza ibada. Baada ya Injili alikifunga kitabu. Kisha akasema, "Mwaka jana katika Kwaresima nilisimama hapa nikasema ugonjwa huu ni fimbo ya Mungu. Nilisema yangu, sikutumwa. Nimewaumiza watu waliokuwa na maumivu tayari, mmoja wao amekwisha kufa na siwezi kumwomba msamaha. Waliobaki nawaomba." Mzee mmoja alitoka nje kwa hasira. Lakini yule mama wa benchi la mbele, aliyekuwa amezika watoto wawili, alianzisha wimbo, wengine wakaupokea.

Alipofika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia kwa mdomo wa Klaudia. Ishengoma alikuwa amelala na kufumba macho.

"Sijui kama naamini kama zamani, Tata," akasema. "Lakini mwite Padre Josia. Nataka kuzungumza naye. Usikae mlangoni."

Padre Josia alikuja Jumanne. Walifunga mlango saa mbili nzima. Anatory alikwenda mwisho kabisa wa kibanja, lile shamba linalozunguka nyumba, akapunguza majani makavu ya migomba ambayo hayakuhitaji kupunguzwa, asije akasikia hata neno. Padre alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Hakusema walichozungumza, wala Anatory hakuuliza. Padre aliuliza tu, "Hivi, yule Mushumbusi ni nani?"

"Ni mwizi mmoja, Padre."

"Mwanao anamsifu sana."

Ishengoma alifariki mwezi wa kumi, asubuhi, mama yake akiwa anamnawisha uso. Walimzika kibanjani, karibu na mkewe. Watu walikuja kutoka mjini, Bilele na Rwamishenye, wanafunzi wake wakaimba, na Minza alikuja kutoka kisiwani kwa mtumbwi na lori, bila dagaa hata mmoja, akakaa siku nne.

Tangu hapo Anatory alianza kuingia ndani ya nyumba za wagonjwa. Aliketi vitandani, akala walichokula. Wapo waliosema huzuni imemchanganya. Yeye alisema alichelewa tu.

Mwezi wa kumi na mbili, Klaudia aliyatoa madaftari yale manne, akayaweka mezani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. "Nitasimulia mimi," akasema, akaketi kwenye kile kiti cha dirishani, miguu haifiki chini.

Hakuwa msimulizi mzuri. Mawimbi yalipokuja yalipita pembeni. Walinzi wote walikuwa wamelala. Kila dadu iliyoanguka vibaya aliisogeza kwa kidole, akidhani hawamwoni.

"Huyu mtoto anatuhurumia," alinong'ona Minza. "Safari gani hii isiyo na shida?"

"Mwache," Bernadina akasema. "Ni siku ya kwanza."

Klaudia akasoma daftari, akainua kichwa. "Mmefika nyumbani," akatangaza. "Wote. Kuna ebitoke jikoni."

Bernadina alicheka, cheko la Rugemalira, nene, la kwanza tangu mwezi wa kumi. Kisha akaondoka kwenda jikoni kuzitazama ndizi za kweli, zilizokuwa zinaanza kuungua.